Mafuta Ambayo Mwili Hauwezi Kujipikia

Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Nami naongeza kwamba ajuaye nusu ya maana ni hatari kuliko asiyejua kabisa, kwa sababu yeye hiyo nusu ataibeba akawaambie wengine. Nasema hivi bila aibu kwa kuwa mtu huyo nilikuwa mimi.

Mwaka jana nilimsindikiza nyanya yangu kliniki kupimwa presha. Nyanya anasikia Kiswahili kidogo tu, basi mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Muuguzi alisema mengi: apunguze chumvi, apunguze mafuta ya kuganda na vitu vya kukaangwa, atembee kila siku, ameze dawa bila kuruka. Tulipotoka nje nyanya akaniuliza, "Kwa kifupi amesema nini?" Nami kwa haraka zangu za kuwahi matatu nikamjibu kwa Kikamba kwamba amekatazwa mafuta. Basi! Nyanya akaishika amri hiyo kama askari.

Miezi mitatu hakuonja tone la mafuta. Isyo yake ilichemshwa kando, majani yake ya kunde yakachemshwa kando. Samaki alikataa, njugu alikataa, hata parachichi aliloletewa na jirani akanipa mimi, nami nikala bila kuuliza. Chakula kilipokosa ladha alikikoleza kwa kitu kimoja ambacho hakuambiwa kwamba kimekatazwa, yaani chumvi. Tuliporudi kliniki uzito ulikuwa umepungua, miguu imepasukapasuka, na presha iko pale pale. Muuguzi akauliza, "Mama amekuwa akila nini?" Nilipomweleza alicheka, halafu akaacha kucheka. Akaniangalia mimi, si nyanya.

Wanafunzi wenzangu na walimu wetu wapendwa, hiyo ndiyo sababu ya makala haya. Siku hiyo muuguzi aliniambia, "Kuna mafuta ya kupunguza, na kuna mafuta ambayo mtu akiyakosa kabisa ataumia." Nilirudi shuleni nikamsumbua mwalimu wa biolojia, nikamsumbua na wa kemia, nikafungua vitabu. Niliyoyapata nayaleta hapa ili mwingine asije akamfanyia nyanya yake kama nilivyofanya mimi.

MAFUTA SI KITU KIMOJA

Sisi watu wa Salama tunajua mafuta ya kila namna. Kuna ya kujipaka, ambayo hakuna mwanafunzi anayefika kwenye gwaride bila kuyatia miguuni, maana upepo na vumbi la huku si mchezo. Kuna dizeli ya malori yanayolala kando ya barabara ya Mombasa. Kuna ya kupikia, ya kuganda na ya maji. Lakini tukifika kwenye sahani, sote tunasema "mafuta" kana kwamba ni kitu kimoja. Hapo ndipo kosa linapoanzia.

Wenzangu wa kidato cha tatu tulioanza kemia ya kaboni hatutapata shida hapa. Mafuta yote ya chakula yametengenezwa kwa asidi za mafuta. Kila asidi ni mnyororo wa atomi za kaboni, kama mabehewa ya gari la moshi yaliyofuatana. Ikiwa mabehewa yote yameungana kwa bondi moja moja, mnyororo unanyooka. Minyororo iliyonyooka hupangana vizuri kama kuni kwenye mzigo, na ndiyo maana mafuta ya namna hiyo huganda. Haya huitwa mafuta yaliyoshiba, yaani yameshiba haidrojeni. Mafuta ya ng'ombe yana mengi ya aina hii. Lakini ikiwa mahali fulani kuna bondi mbili, mnyororo unapinda. Kuni zilizopinda hazipangiki, au sivyo? Ndiyo maana mafuta ya alizeti hayagandi hata asubuhi ya baridi mwezi wa Julai.

Sasa, wanasayansi huhesabu mabehewa kuanzia mkiani. Omega ni herufi ya mwisho ya Kigiriki, kwa hiyo hapa maana yake ni mkia. Ikiwa bondi mbili ya kwanza iko kwenye kaboni ya tatu kutoka mkiani, asidi hiyo ni omega-3. Ikiwa iko kwenye ya sita, ni omega-6. Jina linatisha lakini jambo lenyewe ni kuhesabu tu.

Mwili wa binadamu ni fundi hodari. Ukila ugali na sukari kupita kiasi, unaweza kuvigeuza kuwa mafuta, na ndiyo maana mtu anaweza kunenepa bila kula mafuta. Lakini fundi huyu hana kifaa kimoja. Hana vimeng'enya vya kuweka bondi mbili pale kwenye kaboni ya tatu au ya sita kutoka mkiani. Mimea inavyo, sisi hatuna. Kwa hivyo kuna asidi mbili ambazo lazima tuzile zikiwa tayari: asidi ya linoleiki, ambayo ni omega-6, na asidi ya alfa-linoleniki, ambayo ni omega-3. Hizi ndizo zinazoitwa asidi muhimu za mafuta. Haziitwi muhimu kwa kuwa nyingine hazina kazi. Zinaitwa hivyo kwa kuwa usipozila, hakuna mahali pengine pa kuzipata.

ZILIVYOGUNDULIWA

Zamani wataalamu wengi walidhani kazi ya mafuta ni kutia nguvu na kubeba vitamini tu. Mwaka 1929, George Burr na mkewe Mildred Burr wa Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani walitoa habari za panya wao. Waliwapa panya chakula kizuri chenye protini, sukari, madini na vitamini, ila hakikuwa na mafuta. Panya wale walianza kutoka magamba kwenye mikia na miguu, wakaacha kukua, na wengine wakafa mapema. Walipopewa mafuta kidogo tu yenye asidi hizi, walipata nafuu. Mwaka uliofuata, yaani 1930, Burr na mkewe walieleza kwamba asidi ya linoleiki ni ya lazima.

Utasema, "Hao ni panya." Haya, tuje kwa watu. Mwaka 1963 daktari Arild Hansen na wenzake walieleza uchunguzi wa watoto wachanga 428 waliolishwa maziwa ya aina mbalimbali. Waliopata maziwa yaliyokosa asidi ya linoleiki walikuwa na ngozi kavu yenye magamba, na walipoongezewa asidi hiyo ngozi ilipona.

Omega-3 ilichelewa kuaminiwa. Mwaka 1982, Ralph Holman na wenzake waliandika juu ya msichana wa miaka sita aliyeumizwa tumboni kwa risasi, ikabidi alishwe kwa mshipa. Mafuta aliyotiwa yalikuwa na omega-6 nyingi, omega-3 karibu hakuna. Baada ya miezi kadhaa alianza kufa ganzi, miguu ikauma, akashindwa kutembea vizuri na macho yakaona ukungu. Walipombadilishia mafuta, wakampa ya soya ambayo yana omega-3, dalili hizo zikaondoka. Kidole kimoja hakivunji chawa. Omega-6 peke yake haitoshi.

KAZI YAKE MWILINI

Kwanza, ni ukuta wa seli. Kila seli ya mwili imezungukwa na utando wa mafuta. Asidi hizi zilizopinda huufanya utando huo uwe laini, chakula na ujumbe vipate kupita.

Pili, ngozi. Asidi ya linoleiki hushiriki kutengeneza ule ukuta wa ngozi unaozuia maji yasitoroke mwilini. Yaani kuna mafuta ya kujipaka kwa nje, na kuna mafuta ya kujipaka kwa ndani! Lakini tafadhali, usimwone mwenzako ana miguu mikavu ukampa jina la ugonjwa. Ngozi hukauka pia kwa upepo, sabuni kali, uzee na mengine mengi. Hata miguu ya nyanya sina uhakika kwamba ilipasuka kwa sababu ya chakula.

Tatu, ubongo na macho. Ukiondoa maji kwenye ubongo, zaidi ya nusu ya kinachobaki ni mafuta. Mojawapo ya yaliyo muhimu zaidi huitwa DHA, nayo ni omega-3 ndefu yenye kaboni 22. Imejaa pia kwenye retina, ile sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga. Mtoto huipata kutoka kwa mama akiwa tumboni, na baadaye kwenye maziwa ya mama. Mama akila samaki, DHA huongezeka kwenye maziwa yake.

Nne, ni wajumbe. Kutokana na asidi hizi mwili hutengeneza vitu vinavyoamuru damu igande mtu akikatwa, mahali palipoumia pavimbe, na tumbo la uzazi likaze wakati wa kujifungua. Ukimeza aspirini na maumivu yakapungua, ni kwa sababu dawa hiyo imezuia utengenezaji wa baadhi ya wajumbe hao. Sune Bergström, Bengt Samuelsson na John Vane walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1982 kwa kazi yao juu ya wajumbe hawa.

Tena kuna jambo ambalo ni la mafuta yote ya chakula. Vitamini A, D, E na K huyeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji. Majani ya kunde yaliyochemshwa bila tone la mafuta yana utajiri wa kutengenezea vitamini A, lakini mwili hupata sehemu ndogo tu. Nyanya alikuwa anakula mboga kila siku, kumbe sehemu kubwa ya faida yake inampita tu.

SAHANI YA UKAMBANI INA NINI?

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilitoa ripoti ya wataalamu mwaka 2010. Walisema mtu mzima apate angalau asilimia 2.5 ya nguvu ya chakula chake kutoka kwa asidi ya linoleiki, na angalau asilimia 0.5 kutoka kwa ile ya alfa-linoleniki. Nilipiga hesabu. Kwa mtu anayekula kilokalori 2,000 kwa siku, ni kama gramu 5 na nusu za ile ya kwanza na gramu 1 na kidogo za ile ya pili. Umeona? Si ndoo. Vijiko viwili vya chai vya mafuta ya kawaida ya alizeti vinatosha kabisa kwa omega-6.

Kwa kweli omega-6 si shida sana kwetu. Iko kwenye mahindi, hasa kile kiini kidogo cha kuotea. Unga wa kusagwa posho mill bila kukobolewa hubaki nacho, lakini ule mweupe wa paketi umeondolewa sehemu kubwa. Muthokoi pia, kwa vile tunatwanga, hupoteza kiasi. Omega-6 iko kwenye njugu, simsim, na zile mbegu za malenge ambazo wengi wetu tunatupa.

Tatizo ni omega-3. Alizeti na mahindi karibu hayana. Maharagwe yana mafuta machache, lakini sehemu nzuri ya hayo machache ni omega-3. Gramu 100 za maharagwe makavu huwa na karibu theluthi moja ya gramu. Soya ina zaidi, na mafuta yake yana asilimia 7 hivi. Majani ya kunde, mchicha na sukuma wiki yana kidogo, lakini kidogo hicho kikiliwa kila siku ni kitu. Kwa hivyo isyo yetu ya mahindi na maharagwe, ikisindikizwa na mboga ya majani na kijiko cha mafuta ya maji, si chakula cha kudharauliwa hata kidogo. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Hata hivyo, omega-3 ya mimea ni ile fupi. Mwili inabidi uirefushe kupata DHA, na kazi hiyo unaifanya kwa shida. Ni sehemu ndogo tu inayogeuka. Tena omega-6 hutumia vimeng'enya vile vile, kwa hiyo ikizidi sana inaizuia nyenzake mlangoni. Njia ya mkato ni kuila ile ndefu ikiwa tayari, nayo iko kwa samaki. Samaki nao huipata kwa mimea midogo sana ya majini.

"SAMAKI SI CHAKULA CHETU"

Hapa najua wengine mmeshaanza kukunja pua. Katika darasa letu, mwenzetu akifungua mkebe wa chakula ukiwa na omena, madirisha hufunguliwa na watu hujifanya wanakohoa. Mimi nimewahi kuwa miongoni mwa waliofungua madirisha. Kumbe katika darasa zima, yule ndiye aliyekuwa na DHA nyingi kuliko sote!

Anayesema samaki ni desturi ya watu wa ziwani tu, asikie haya. Karibu na Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana hapa hapa Kenya, wachimbuzi walipata mifupa ya samaki, kasa na mamba yenye alama za kukatwa kwa vifaa vya mawe. Ni ya miaka kama milioni 1.95 iliyopita, na habari zake zilitolewa mwaka 2010. Baadhi ya wataalamu hufikiri vyakula hivyo vilisaidia ubongo wa binadamu kukua, wengine wanabisha. Lakini kwamba vililiwa, mifupa imeshuhudia.

Tanzania nako kuna habari nzuri. Mwaka 1996 jarida la madaktari la Lancet lilichapisha uchunguzi wa Lugalawa, kusini mwa nchi hiyo. Walilinganisha wanakijiji wanaoishi kando ya Ziwa Nyasa, ambao chakula chao kikubwa ni samaki, na wanakijiji wengine wanaoishi kwa nafaka na mboga. Wala samaki walikuwa na presha ya chini na kolesteroli ya chini. Tusirukeruke kwa furaha, kwa maana kijiji na kijiji huweza kutofautiana kwa mengi, si samaki tu. Lakini ni jambo la kufikiria.

Omena iliyokaushwa hufika hadi masoko yetu, tena huuzwa kwa vipimo vidogo ambavyo mtu wa kawaida anaweza kununua. Chagua isiyonuka uchungu, maana omega-3 huharibika ikikaa sana juani na hewani. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu, uipike kwa nyanya na vitunguu badala ya kuikaanga mpaka iwe kama misumari. Asiyeipenda kabisa, yai pia lina DHA kidogo.

TAHADHARI

Sitaki mtu asome makala haya halafu aende akanywe mafuta. Kila gramu ya mafuta, hata yaliyo mazuri, ina kilokalori 9, zaidi ya mara mbili ya ugali mkavu kwa uzito. Mafuta yaliyoshiba yakizidi hupandisha kolesteroli. Kuna pia mafuta ya mimea yaliyogandishwa kiwandani kwa kutiwa haidrojeni. Njia hiyo huharibu asidi muhimu, na isipokamilika huzalisha mafuta yanayoitwa transi, ambayo ni adui wa moyo. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi zote ziyaondoe kwenye chakula. Ukinunua mafuta ya kuganda, soma karatasi ya kopo. Nayo yale ya kukaangia chipsi mara kumi mpaka yakawa meusi kama dizeli, hayo usiyahesabu kuwa chakula.

Kuhusu vidonge vya mafuta ya samaki, msidanganyike na anayevisifu kwenye basi kwamba vinaponya kila kitu. Mwaka 2018 wataalamu wa Cochrane walikusanya majaribio mengi wakaona kwamba vidonge vya omega-3 havileti tofauti kubwa, au hata haileti kabisa, katika kuzuia ugonjwa wa moyo. Pesa hizo nunua maharagwe na omena. Na aliyeandikiwa dawa ameze dawa, chakula hakichukui nafasi yake.

NYANYA SASA

Tulipotoka kliniki mara ya pili, nilimweleza nyanya upya, safari hii neno kwa neno, tukiwa tumeketi, matatu iende zake. Chumvi, kidogo. Mafuta ya kuganda na vya kukaangwa, kidogo. Mafuta ya maji, kijiko kwenye mboga. Maharagwe, kunde, njugu kidogo, na samaki akipatikana. Alinisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Kwa hivyo parachichi langu ulikula bure." Nilikosa la kujibu.

Ziara iliyofuata presha ilikuwa imeshuka. Nilitaka kujisifu juu ya omena, lakini muuguzi akanirudisha chini: alisema shukrani kubwa ni kwa chumvi iliyopunguzwa na dawa zilizomezwa vizuri. Mafuta yamemrudishia uzito na hamu ya kula, na hayo pia si madogo.

Wenzangu, wengi wetu hapa ni wakalimani wa nyumbani. Sisi ndio tunaosomea wazazi na nyanya zetu karatasi za kliniki na maandishi ya kopo. "Punguza" na "acha" ni maneno mawili, na baina yake kuna afya ya mtu. Tuyabebe yote mpaka nyumbani bila kuangusha hata moja njiani.

Na yule wa mkebe wa omena akiufungua kesho, mimi sitafungua dirisha. Nitasogea karibu nimwombe.